Vivuli vya Beki Namba Mbili

Asubuhi ya mechi ya kwanza, Limpho Letuka aliwapanga wachezaji ishirini kwenye korido ya hosteli mjini Mangaung, fulana zimepandishwa mpaka kidevuni, akasikiliza mioyo yao mmoja mmoja huku uji ukipoa mezani. Mioyo kumi na tisa ilipiga kama inavyotakiwa. Wa ishirini, wa beki namba mbili, ulipiga mara tatu, ukanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha ukapiga mara mbili kwa pupa.

Beki namba mbili alikuwa mdogo wake, Katiso.

"Vuta pumzi," Limpho alimwambia.

"Nimevuta."

"Vuta tena."

"Ausi, dada yangu, nikivuta zaidi ya hapa nitakumeza na wewe."

Limpho alikuwa muuguzi. Kwenye fomu aliandikwa daktari wa timu, kwa sababu daktari mwenyewe alikosa nafasi kwenye basi. Msafara ulikuwa na watu arobaini na mmoja, na nusu yao hawakuwahi kupiga mpira hata kwa bahati mbaya. Kwenye fomu ya Katiso akaandika: *Apumzike. Asicheze.*

Ntate Phakiso, meneja wa timu, aliisoma ile fomu kwa heshima zote. Akaikunja mara nne, akainama, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unatikisika. Kisha akatoa fomu nyingine, safi.

"Ndiye beki wa kulia pekee tuliye naye," alisema.

"Na Molefi?"

Molefi alikuwa shemeji wa mkubwa mmoja wa kamati. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na alikuja kwenye mashindano na masanduku mawili matupu. Saa hiyo alikuwa mjini akilinganisha bei za majokofu.

"Molefi ni wa akiba," alisema Ntate Phakiso. "Akiba haiozi."

Katiso alishusha fulana yake, yenye nembo ya timu ya taifa kifuani, mamba wa uzi wa kijani. Kombe la nchi za kusini huchezwa kila mwaka, na mwaka huo mtu wa klabu moja ya Johannesburg alikuwa ameahidi kukaa jukwaani na daftari.

"Saini, ausi," alisema. "Usiposaini narudi kuchunga kondoo wa mjomba, na wale kondoo unajua wanavyonichukia."

"Asiposaini yeye, atasaini dereva," alisema Ntate Phakiso bila ubaya wowote. "Dereva naye ana kalamu. Ila dereva akisaini, dereva ndiye atakayekaa benchi."

Limpho alipiga hesabu ya umbali kutoka basi lilipoegeshwa mpaka mstari wa uwanja. Ulikuwa mrefu mno kwa mtu wa kukimbilia moyo uliosimama. Akaandika: *Ni mzima.* Akasaini.

Timu za huko haziingii uwanja wa ugenini kwa geti kubwa, kwa kuwa hakuna ajuaye wenyeji wamefukia nini chini yake. Wengine huruka ukuta. Wengine huingiza basi kinyumenyume, ili kilichofukiwa kione matako kwanza. Ntate Phakiso alikuwa amekagua mapema akapata tundu kwenye uzio, nyuma ya mnara wa taa wa kaskazini. Ili kulifikia ilibidi kupita kandokando ya mtaro ambao bomba lililopasuka lilikuwa limeujaza maji yaliyotuama. Wote waliliafiki lile tundu.

Kosa lilikuwa moja tu. Kila mtoto wa Kisotho hufundishwa asipite karibu na maji kivuli chake kikiwa kimeangukia humo, kwa maana mamba atakikamata. Lakini kule kwao milimani hakuna mamba hata mmoja; maji ni baridi mno kwao. Mamba wote wa nchi ile wako kwenye fulana za mpira. Kwa hiyo hakuna aliyekumbuka. Walikuwa na kazi ya kuogopa geti.

Saa kumi na mbili jioni taa ziliwashwa, wakapita mstari mmoja kando ya mtaro. Katiso alipopita maji yalitikisika mara moja, kama ng'ombe anapoteremsha pua kunywa. Alitazama nyuma, akakung'uta mguu kama mtu aliyekanyaga ubani wa kutafuna, akaendelea.

Chini ya minara minne ya taa kila mchezaji ana vivuli vinne, vimetanda miguuni kama petali za ua. Limpho, kutoka benchi, alihesabu vya Katiso. Vilikuwa vitatu. Akahesabu tena, akaanzia upande mwingine. Vilikuwa vitatu.

"Vitatu vinatosha," alisema Ntate Phakiso alipoambiwa. "Mimi mchana kutwa nina kimoja, na nimelea watoto saba."

Walishinda moja bila.

Kwa kuwa walishinda, mechi ya pili walipita palepale. Safari hii vikabaki viwili. Nahodha wa wapinzani aliliona hilo wakati wa kupeana mikono akawasilisha malalamiko. Kamisaa wa mechi, mtu mwadilifu mwenye miwani, alifungua kitabu cha sheria akasoma kwa sauti vitu anavyopaswa kuwa navyo mchezaji: fulana, kaptura, soksi, vikinga ugoko, viatu. Kivuli hakikutajwa. Malalamiko yakatupwa, mpira ukaanza dakika nne baadaye kuliko ilivyopangwa.

Limpho aliusikiliza tena ule moyo. Sasa ulipiga mara mbili, ukanyamaza kwa muda wa kutosha mtu kusema jina lake na la baba yake. Akaandika *Apumzike*. Mguu wa pili wa meza ukapata karatasi yake. Akasaini nyingine.

"Unajisikiaje?" alimuuliza Katiso.

"Mwepesi," alisema. "Kama nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka."

Mikono yake ilikuwa baridi na haikupata joto hata alipoishika kandokando ya bakuli la uji. Alicheka alipomwona dadake akiitazama, akaificha kwapani.

Jioni ya nusu fainali Limpho alisimama mtaroni akamwona mamba. Hakuona macho wala meno. Aliona mgongo tu, wa kijani ileile ya uzi wa fulana, ukipanda polepole bila kupasua maji, na kivuli cha mdogo wake kikivutwa chini kuanzia kichwani, kama blanketi linavyovutwa kutoka kwa mtu aliyelala. Maji yakajifunga. Yalinuka sufu mbichi. Wachezaji waliokuwa nyuma walimsubiri Katiso apite, kisha nao wakapita. Mechi ilikwenda mpaka penalti, na Katiso akafunga ya mwisho akiwa na kivuli kimoja, chembamba, kilichoelekea upande ambao hakuna taa.

Limpho alimpigia simu nkhono, bibi yao, kule Mokhotlong.

"Vimebaki vingapi?" aliuliza nkhono.

"Kimoja."

Kwenye simu ulisikika upepo wa huko.

"Mamba hali mtu, mwanangu. Hula kivuli. Mtu hufuata mwenyewe, kwa miguu yake." Kisha akauliza kama mtoto anavaa lile blanketi alilompa.

Fainali ilipangwa saa tisa alasiri. Jua lilikuwa moja, na chini ya jua moja kila mtu ana kivuli kimoja. Msafara mzima ulifurahi. Katiso alisimama katikati ya wenzake mbele ya hosteli, na ukimtazama miguuni hukuweza kumtofautisha na yeyote.

"Unaona?" alisema Ntate Phakiso. "Amepona." Akampa Limpho fomu, naye Limpho akaisaini palepale, juu ya goti, bila kutoa vifaa vyake mkobani. Akili yake yote ilikuwa mtaroni.

"Leo tupite getini, ntate. Nakuomba, baba."

"Tumeshinda mara tatu kwa mtaro."

"Basi yeye peke yake apite getini."

Nahodha ndiye aliyemjibu, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Getini kuna kitu hatukijui, ausi. Mtaroni tunajua kilichopo."

Kwenye uzio kulikuwa na wachimba migodi wa Kisotho waliotoka Welkom tangu alfajiri, wamejifunika mablanketi, wanaimba. Limpho aliwaendea akaomba mablanketi. Hawakuuliza sababu; mwanamke anayeomba blanketi katika baridi ya Julai haulizwi. Alipata tisa. Akayatandaza juu ya mtaro kutoka ukingo hadi ukingo, akayabana kwa mawe.

"Hilo lenye michoro ya mahindi ni la harusi yangu, ausi," alisema mchimbaji mmoja. "Lisirudi na matundu ya meno."

Katiso alipita. Kivuli chake kiliangukia kwenye mahindi ya sufu, si majini. Chini yake kitu kilijiinua, blanketi likavimba kama tumbo la mtu aliyelala, likakaa hivyo kwa muda, likanywea. Katiso akalipita tundu la uzio akiwa na kivuli chake, akageuka akamfanyia dadake saluti ya kijeshi, ya kipuuzi, kwa mkono wa kushoto. Limpho alikaa chini kwenye nyasi. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuta pumzi yote tangu wavuke mpaka.

Dakika ya sabini na moja, matokeo yakiwa sare ya bao moja, Katiso aliketi. Hakuanguka. Aliketi karibu na mstari kama mtu anayetaka kutoa kijiwe kwenye kiatu. Kisha akalala.

Limpho alifika kabla ya machela. Aliweka chombo kifuani, juu ya mamba, akasikia pigo moja. Akasubiri la pili. Akakandamiza kifua kwa mikono miwili, akahesabu kwa sauti, akampulizia pumzi, akahesabu, akampulizia. Alipoinamisha kichwa aliona kwamba chini ya Katiso hapakuwa na kivuli. Nyasi zilikuwa zinang'aa jua mpaka chini ya mgongo wake.

Kivuli kilikuwa mita ishirini mbele, kinamkimbiza winga wa kushoto. Kilimfikia penye kona, kikaupokonya mpira kwa ufundi bila faulo, kikaurudisha kwa kipa. Mwamuzi alimtazama mshika kibendera. Mshika kibendera alihesabu, akapata kumi na mmoja. Mpira ukaendelea.

Ntate Phakiso alikuwa ameshasimama kumwita Molefi, ambaye alikuwa anatafuta kiatu cha pili ndani ya sanduku lenye mashine ya kusagia matunda. Meneja alitazama upande wa kulia wa uwanja, akaona unalindwa vizuri kuliko hata kipindi cha kwanza.

"Molefi," alisema, "kaa."

Bao la ushindi lilipatikana dakika ya themanini na nane. Wachimba migodi waliimba. Limpho alikuwa bado anahesabu.

Katiso alizikwa Jumamosi, Mokhotlong, kabla jua halijawa kali, amevikwa blanketi la nkhono. Watu wa msafara walikuja wote arobaini. Ntate Phakiso alisema kwamba mwili umepumzika lakini mchango wake kwa taifa unaendelea, na kila mtu alijua kwamba alikuwa anaeleza jambo la kawaida tu, kwa kuwa mchango huo ulikuwa umebaki Maseru na ulikuwa umehudhuria mazoezi ya Alhamisi. Yule mtu wa Johannesburg aliandika barua akiuliza kama mchango huo una hati ya kusafiria.

Julai ya mwaka uliofuata, timu ilikusanyika tena. Kwenye orodha, namba mbili alikuwa Katiso Letuka. Hakuhitaji chakula wala kitanda, na kiti chake kwenye basi kilipewa mke wa Molefi. Ntate Phakiso aliweka meza yake kando ya uwanja wa mazoezi, akaweka fomu juu yake.

"Ntate," alisema Limpho, "huyu ni marehemu."

"Fomu inauliza afya, ausi. Hayo mengine haiulizi."

Limpho alitembea mpaka kwenye mstari wa kulia. Kivuli kilikuwa kinanyoosha misuli. Kilipomwona kikalala kwenye nyasi zilizobabuliwa na baridi, kikatulia, jambo ambalo mdogo wake hakuwahi kulifanya akiwa hai bila kuambiwa mara tatu. Alipiga magoti, akaweka chombo mahali pa kifua.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Palikuwa na ardhi, na chini ya ardhi, mbali sana, maji ya bomba.

"Vuta pumzi," alisema.

Akasubiri ajibiwe. Kisha akarudi mezani, akaandika *Ni mzima*, akasaini. Nyuma yake namba tatu, kijana mpya kutoka Quthing, alikuwa ameshapandisha fulana na anakohoa. Meza haikutikisika hata kidogo. Ntate Phakiso alikuwa amekuja na karatasi zilezile za mwaka jana, zilizokunjwa mara nne.