Tegi ya Marehemu Thierry

Gauni la bibi arusi halikunjwi, linaviringishwa. Orpha alijifunza hilo Bukavu akiwa msichana, kwa hiyo asubuhi ile ya Ijumaa alilitandaza juu ya meza ya kukatia, akatia karatasi laini katikati, akaliviringisha polepole kwenye bomba la boksi lililobaki baada ya kitambaa kwisha, shanga zikielekea ndani zisije zikakwaruzana. Juu yake mfuko wa plastiki, kisha mfuko wa pili, maana mmoja hautoshi kwa vumbi la barabara. Akalifunga nyuma ya pikipiki nyekundu kwa kamba za mpira, akalipapasa kama mama anayepapasa mtoto mgongoni kuona kama amekaa vizuri.

Bibi arusi alikuwa Polokwane, mkoa wa Limpopo. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Pikipiki ile ilikuwa ya mume wake, Thierry, aliyefariki mwaka uliotangulia. Enzi za uhai wake kazi waligawana hivi: Orpha anashona pale Yeoville, Johannesburg, Thierry anapeleka. Magauni yalikwenda Limpopo, yalikwenda Mpumalanga, mara moja yalifika karibu kabisa na mpaka wa Msumbiji. Kwenye usukani Thierry alikuwa amefunga kidude cheupe kidogo, tegi, kile cha kulipia barabara bila kutia mkono mfukoni. Akifika peaji, kama Wakongo wanavyokiita kituo cha kulipia, kidude kinalia pii, mti wa kizuizi unainuka, yeye anapita na kichwa juu kama waziri. Kidude kimoja kilifungua njia za mikoa yote.

Thierry alipozikwa, Orpha hakutaka kazi ife. Alijifunza kuendesha, akafeli mtihani, akarudia, akapata leseni. Wateja wakarudi. Ila jambo moja lilimshinda: tangu aanze yeye kupanda, tegi ile haikulia hata siku moja. Akifika peaji, kimya. Anasimama, anavua glovu, anatafuta kadi, na huko nyuma magari yanampigia honi kana kwamba amewaibia njia.

Habari ikamfikia Placide, mdogo wake Thierry, mlinzi kwenye ghala moja Midrand. Na katika ukoo wa kina Thierry ilikuwepo desturi ya zamani: kitu cha marehemu kikigoma mkononi mwa aliyebaki nacho, basi mwenyewe hajaridhia, kirudishwe kwa ndugu zake. Jembe likivunjika mpini, redio ikinyamaza, mbuzi akikataa kukamuliwa, watu hutazamana. Tegi je?

Placide hakungoja kuulizwa. Alisimama nje ya kanisa baada ya ibada, watu wakiwa bado wanasalimiana, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Shemeji, ile tegi ilikuwa inalia kwa kaka kila siku. Kwako hailii. Sasa unataka mimi niseme nini? Mwenyewe amekataa."

"Amekupigia simu?" Orpha akauliza.

"Usicheze na marehemu."

"Nimemgeuza kitandani miezi yote aliyougua, nimemlisha uji kwa kijiko. Anayecheza naye ni wewe."

Placide akacheka kidogo, akageukia watu. "Na jina lake lenyewe linasema! Orpa wa kwenye Biblia alipofiwa na mume, alifanya nini? Alirudi kwao, mikono mitupu."

"Orpa wa kwenye Biblia hakuwa na leseni ya pikipiki."

Watu wakaangua kicheko, hata mzee mmoja wa kanisa akajifanya anakohoa. Kicheko kile ndicho kilichomchoma Placide. Akainua kidole.

"Sharp, sawa. Ijumaa sote tunakwenda Polokwane, harusi ni ya ukoo. Mimi na dada Marcelline tutakuwa nyuma yako na gari. Kidude kikilia, pikipiki ni yako, sitasema neno tena. Kisipolia, Jumapili naichukua. Wazee, mmesikia?"

Wazee wakatikisa vichwa kwamba wamesikia.

"Kilie kisilie," Orpha akasema, "gauni langu litafika." Kukubali hakukubali, lakini wengine walilichukua lile kama jibu la ndiyo, na neno likishachukuliwa hivyo mbele ya kanisa, kulirudisha ni kazi.

Mtu hata awe mbishi namna gani, ana moyo. Orpha alipokuwa akishona shanga za gauni lile, alimkumbuka Thierry siku alipomwomba amfundishe kuendesha. Thierry alimtazama, akamwita kwa jina la mtoto wao, akasema, "Mama Exaucé, pikipiki si cherehani." Basi. Wala hakumfundisha. Neno hilo ndilo lililokuwa likimrudia kila kizuizi kilipogoma kuinuka. Je, kama ni kweli? Kama yuko huko aliko, amekunja mikono, anasema nilikwambia?

Alipanda hivyohivyo. Alivaa koti lake la safari, alilolishona mwenyewe, na hapo lazima nilielezee koti hilo vizuri kwa sababu lilikuwa na sifa yake. Nje lilikuwa turubai jeusi, mishono miwili miwili. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa ametia kimfuko cha ndani, akaiweka tegi humo na kushona mdomo wake, kwa kuwa vijana wa kwenye robot, zile taa za barabarani za Hillbrow, hawaachi kitu kwenye usukani. Na kwa ajili ya baridi ya Joburg, ile ya mwezi wa sita inayouma mpaka kwenye meno, alilitia koti lote bitana ya fedha, kitambaa kinachong'aa anachoshonea mifuko ya wauza barafu. Akakizungusha kila mahali, na kile kimfuko pia akakifunika pande zote. Kila aliyelipapasa koti lile alimwambia aanze kuyauza.

Walipita Sandton jua likiwa halijatoa makali, wakapita Midrand, wakapita Pretoria. Gari la Placide lilikuwa nyuma yake muda wote, la kijivu, taa moja imefifia. Peaji ya kwanza ilipotokea, Orpha alipunguza mwendo, akainua mkono wa kushoto kidogo kama alivyozoea. Akangoja.

Kimya.

Mti ukabaki umelala. Honi zikaanza, na aliyeanza alikuwa Placide. Orpha akavua glovu kwa meno, akalipa kwa kadi, akapita. Mbele kidogo gari la kijivu likamfikia ubavuni, kioo kikashuka.

"Umeona, shemeji? Umeona mwenyewe!"

Pembeni yake, wifi Marcelline, dada yao mkubwa, mwenye duka la wigi mtaa uleule wa Orpha, alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio. Alikuwa anampenda Orpha kwa namna yake, lakini ukoo ni ukoo. Aliangalia chini.

Orpha aliongeza mwendo akawaacha.

Sasa barabara ikafunguka. Majani ya pembeni yalikuwa makavu na ya njano, malori ya Zimbabwe yanapanda kilima yakiwa yamefungwa magodoro juu ya magodoro. Ndani ya helmeti mtu anaweza kusema atakalo, hakuna anayesikia. Orpha akasema.

"Thierry. Kama ni wewe, nisikilize. Nimekupikia, nimekuzalia, nimekuzika. Pikipiki siirudishi. Kama umekasirika, kasirika, nitakukuta hukohuko na tutagombana vizuri. Lakini barabarani uondoke."

Alipomaliza, moyo ulikuwa unamdunda, maana hakuwahi kumwambia hivyo akiwa hai. Na alipousikiliza moyo wake akaona kwamba hautaki kuomba radhi. Gari la kijivu lilikuwa limemfikia tena nyuma, wakavuka kibao cha kuingia Limpopo.

Peaji ya pili ilikuwa na dirisha moja lenye dada mnene aliyejifunika blanketi magotini. Orpha akasimama mbele ya mti. Hakuinua mkono safari hii.

"Tegi yako haisomi, mama," yule dada akasema kwa Kiingereza.

"Najua. Una pipa la taka humo ndani?"

"Lipo. Kwa nini?"

Fundi hatembei bila makasi. Orpha akatoa yale madogo ya kukatia nyuzi kwenye mfuko wa kifuani, akageuza mkono wa koti nje ndani, akaanza kukata. Alikata koti lake zuri bila huruma: mshono wa kwanza, mshono wa pili, bitana ya fedha ikachanika na kuning'inia. Nyuma honi zililia, Placide akatoa kichwa nje.

"Unafanya nini wewe? Umechanganyikiwa?"

"Natupa!" Orpha akapiga kelele bila kugeuka. "Kisichonitaka sikibebi!"

Akaichomoa tegi, akanyoosha mkono juu kumpa yule dada aitumbukize kwenye pipa.

Pii.

Mti ukainuka.

Yule dada akaangalia mti, akaangalia mkono wa Orpha ulionyooshwa hewani, akaanza kucheka mpaka blanketi likamdondoka. "Sasa mama, nitupe au nisitupe?"

Orpha alikuwa anaitazama tegi, kisha ile bitana inayong'aa juani kwenye mkono wake. Kitambaa kinachozuia barafu isilisikie jua. Alikishona mwenyewe, pande zote, mishono miwili miwili. Kidude kilikuwa kikiita miezi yote hii na yeye ndiye aliyekiziba mdomo.

"Mungu wangu," akasema. "Ni mimi."

Akapita, akasimama kwenye kituo cha mafuta kilicho mbele tu. Gari la kijivu likafika. Marcelline alishuka kabla halijasimama vizuri, vigelegele vimemtangulia.

"Amekubali! Amekubali, wifi yangu! Tumesikia sote, imelia!"

Placide alishuka polepole. Uso ulikuwa umemshuka, lakini akaupandisha haraka. "Basi," akasema. "Mimi ni mtu wa haki. Kaka alikuwa amekataa, sasa ameridhia. Jumapili nitasimama mwenyewe niwaambie wazee."

"Hakuridhia," Orpha akasema, "na hakukataa. Tazameni hapa." Akawaonyesha bitana. Akaifunika tegi kwa kipande kilichoning'inia, akaifunua, akaeleza kama fundi anavyomweleza mteja kwa nini zipu imegoma. Placide alisikiliza huku anaangalia pampu za mafuta.

Marcelline akamshika Orpha mkono, akamvuta pembeni, karibu na mahali pa kujazia upepo.

"Mdogo wangu, nyamaza," akanong'ona. "Umeshinda. Pikipiki ni yako. Kitambaa cha nini tena? Acha waseme amekubali. Utaishi kwa amani, na Placide hataaibika. Unapungukiwa nini?"

Lilikuwa neno la upendo, na Orpha alilijua ni la upendo. Alisimama akilifikiria. Angerudi Yeoville na heshima mbili, ya mjane na ya aliyekubaliwa. Wamama wangemshangilia. Alilifikiria kweli.

"Wifi," akasema, "hiki kidude kina betri. Itakufa siku moja. Siku hiyo Thierry atakuwa amekataa tena?"

Marcelline akajifunga upya mtandio wake.

"Na pancha nikipata? Na mvua ikininyeshea? Kila kitu kikiharibika nije nipige magoti kwa Placide?" Sauti yake ikapanda, Placide akageuka. "Nikisema leo amenipa ruhusa, nimekubali kwamba nilikuwa naomba. Sikuwa naomba."

"Kwa hiyo kaka yangu hana la kusema kwenye mali yake?" Placide akauliza. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Kaka yako alipokuwa na la kusema alilisema kwa mdomo wake. Aliniambia pikipiki si cherehani. Hilo nililimeza, nikajifunza. Mengine yote ni wewe unayasema kwa sauti yake."

"Eish! Dada, unamsikia?"

"Namsikia," Marcelline akasema taratibu.

"Sawa," Placide akasema. "Mimi nilitaka kukusaidia. Jumapili nitawaambia wazee umemdharau marehemu mbele yetu. Wakisema pikipiki irudi, itarudi."

"Waambie. Waambie na kitambaa pia. Na waambie nimesema, hata kisingelia, jibu langu ni hilihili. Anayeitaka aje aichukue mimi nikiwa juu yake."

Akavaa helmeti. Alikagua kamba za mpira moja moja, akakaza ile ya katikati, akahakikisha gauni halijasogea.

Kwenye misafara ya ukoo ule, kuingia mji wa harusi kuna utaratibu: gari la mwanamume mkubwa aliyepo linatangulia, wengine wanafuata. Karibu na Polokwane Placide alianza kuwasha taa na kupiga honi, fupi fupi, kisha ndefu, ampishe. Upande wa kushoto palikuwa na nafasi ya kutosha ya kujibana.

Orpha aliiona nafasi hiyo. Akakaa katikati ya njia yake, mwendo wake uleule, akaingia mjini mbele yao.