Majibu ya Ijumaa

Simu ililia Ijumaa saa kumi na moja jioni, nikiwa namenya viazi vya supu. Majibu ya kipimo yametoka, ilisema. Siku hizi hawakusubirishi umwone daktari. Majibu wanakutupia kwenye simu, kisha kliniki inafungwa mpaka Jumatatu, ubaki kujisomea mwenyewe.

Nikajisomea. Uvimbe, pafu la kulia, milimita kumi na nne, kingo zimechongoka. Nikakaa na kisu mkononi.

Jumatano mimi na mume wangu Orrin tulikuwa tumepimwa mapafu, wote wawili, maana ujanani tulivuta sigara kama wendawazimu. Hospitali iko maili themanini, na huku Dakota Kaskazini hakuna anayechoma mafuta mara mbili kwa shughuli ya siku moja. Programu ya hospitali nayo ni moja, kwenye simu yangu. Orrin hataki hata kuiona, kwa hiyo miadi na dawa zetu sote nazishika mimi.

Nikaiuliza simu. Ukurasa wa kwanza ulisema huenda ni kovu la zamani. Sikuutaka huo. Nikafungua wa pili, wa tatu, mpaka nikampata mtu aliyeishi miezi saba.

"Hiyo simu yako ilisomea udaktari wapi?" Orrin akauliza.

"Kejeli zako wapelekee ng'ombe."

"Ng'ombe angalau wananisikiliza."

Jumamosi aliosha vyombo, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa. Akanifunika blanketi. Mimi nasoma tu, na yeye akikohoa namkaripia asinikatize.

"Ningeweza, Arlys, ningekubebea," akasema.

"Basi chukua! Nimekupa!" Nilikuwa nimechoka kuhurumiwa.

Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, nikabandika supu jikoni, kisha nikachukua karatasi niandike maswali ya daktari. Nilitaka kunakili yale maneno sawasawa, nikapandisha ukurasa mpaka juu kabisa, mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Paliandikwa: Orrin, miaka sabini na moja. Programu ile hufunguka pale ulipoiacha, na Alhamisi nilikuwa nimemwagizia dawa zake za presha.

Nikahamia kwenye jina langu. Majibu yangu yalikuwa yamefika dakika tisa baada ya yake. Mapafu safi.

Nilifurahi. Nasema kwa aibu, lakini nilifurahi, mpaka nilipomsikia anakohoa nje, akiondoa theluji kwenye ngazi.

Akaingia, mashavu mekundu. "Haya, leo simu imekuua kwa namna gani?"

"Vua buti, Orrin. Kaa."

Nikamgeuzia simu. Alitafuta miwani, akasoma polepole huku kidole kikifuata mistari, akafika mwisho, akarudi juu kwenye jina.

"Yako je?"

"Sina kitu."

"Umeangalia vizuri? Usije ukakosea tena."

"Mara tatu."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akatabasamu kama mtu aliyepewa habari njema.

"Uliniambia nichukue," akasema.

Nikamshika mikono, ilikuwa bado na baridi ya theluji, nikalia mpaka supu ikaungua.