Kinga ya Kiwiko cha Wiesiek

Kila kiangazi tunaigiza vita vya kale, na kinga za ngozi nashona mimi. Ngozi huchovywa maji moto kidogo tu, ikauke ngumu. Ya rafiki yangu Wiesiek niliisahau humo nikinywa bia. Ikizidi kuiva huvunjika, nalijua hilo, lakini vita vilikuwa kesho yake. Nikaipaka nta, nikampa.

"Fundi, hii hata shoka litalia!" alicheka.

Upanga butu wa kwanza uliipasua kama biskuti, kiwiko kikasagika. Wiesiek anaishi kwa kupiga fidla.

Hospitalini, Wiesiek akiwa bado usingizini kwa dawa ya upasuaji, mkewe, Grażyna, aliuliza, "Shemeji, ngozi ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa nzuri. Niliiunguza mimi, na nilijua."

"Basi kaa hapa. Akizinduka, utamwambia mwenyewe."