Jina la Kortini

Kawangware nzima hakuna aliyemjua kwa jina la kitambulisho. Alikuwa Mama Kamene wa chapati, basi, na hilo lilimtosha. Kwa hiyo mwanamume mwenye kofia alipoinama kibandani na kuuliza, "Mathe, unamjua Kasiva Mutuku? Alikuwa anakaa Sarang'ombe," chapati iliungulia jikoni naye anaitazama tu.

"Simjui," akasema.

"Hata mimi simjui sura." Mwanamume alicheka. "Lakini nitampata." Akaondoka polepole, akaelekea kwa muuza chapati mwingine.

Kasiva, maana ndiye huyo, aliitoa chapati iliyoungua. Jina hilo, na Kawangware, na biashara ya chapati, alikuwa ameviandikisha pamoja mahali pamoja tu: kwa polisi, baada ya moto wa Sarang'ombe. Landilodi Maurice alimsingizia fundi Mutie kwamba ndiye aliyechoma ploti. Kasiva akaapa kuwa aliwaona vijana wa Maurice wakimwaga petroli kwenye karakana ya Mutie. Sheria ikataka mshtakiwa apewe nakala ya maneno hayo ajitetee nayo. Kesi ikaondolewa kabla Kasiva hajaitwa kizimbani, Mutie akaenda nyumbani, Maurice asijue aliyesema ni nani. Afadhali hivyo! Mzee Abdelrahim, aliyejigamba hotelini kuwa naye aliona, aliokotwa mtaroni kule kijiji cha Raila akiwa maiti.

"Adero, niangalilie hapa kidogo," alimwambia jirani yake wa sukuma wiki. Akajificha nyuma ya nyumba, akampigia Mutie.

"Mama Kamene! Nilikuwa nikupigie," Mutie akasema kwa furaha. "Nimemshtaki Maurice anilipe karakana yangu. Na ile taarifa yako nimeiweka ndani. Hapo hachomoki!"

"Umempa nani?"

"Korti. Na yeye kapelekewa nakala, si ndiye ninayemshtaki?"

"Mutie! Ile karatasi ulipewa ikutoe jela, si uzunguke nayo! Hukuambiwa?"

Loo, mtu mzuri huyo fundi, mkono wake kwenye mbao ni dhahabu, lakini kwa haraka angeezeka paa kabla ya kusimamisha kuta.

"Wakili alinikataza," Mutie akasema. "Alitaka tuombe ruhusa ya jaji kwanza, ndiyo majina yafichwe. Nikaona atachelewa. Nikapeleka mwenyewe. Watoto wanalala njaa, Mama Kamene."

"Na wangu je?" Hasira ilimpanda Kasiva hadi machozi yakamtoka. Kweli asante ya punda ni mateke. Alitamani kumtukana kwa Kikamba chote alichozaliwa nacho, lakini neno la njaa lilimfunga mdomo.

"Kesho asubuhi nitaenda niombe waiondoe," Mutie akanong'ona.

"Kesho!" Akamkatia simu.

Alijifuta uso kwa leso, akajipa moyo. Yule mtu hana sura yake, ana jina tu, na jina amelikana. Wauza chapati Kawangware ni wengi. Atamtoa Kamene shule sasa hivi, wapande gari la Kitui, na jua likizama watakuwa kwa mama yake. Aliirudia mipango hiyo moyoni njia nzima, hadi akafika kibandani akiwa karibu kutabasamu.

Adero alikuwa anapangusa meza, amejaa furaha ya kusaidia.

"Nimekuuzia, dada! Yule wa kofia amerudi, akachukua mbili. Hakuwa na pesa mkononi, nikampea namba yako alipie kwa simu."

Simu ikatetemeka ndani ya aproni. Kasiva hakuitoa. Nani Nairobi asiyejua kwamba ukilipa kwa simu, unaonyeshwa jina la mwenye namba?

Ng'ambo ya barabara mwanamume alikuwa amesimama, chapati mkono mmoja, simu mkono wa pili. Alisoma bila haraka. Kisha akainua kichwa.

"Chapo yako ni tamu, Kasiva," akaita.