Hatua Arobaini Hadi Nakonde

Leo mchana, baada ya kushiba ugali, usingizi ulinichukua dukani kwangu Tunduma, nikaota simu yangu inakohoa.

Nilikuwa nimetoka kumwandikia dada yangu, Tusekile, maneno manne: "Dada, nilikukosea. Nisamehe. Njoo." Ameolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, na mlango wake nauona kutoka hapa. Hatua arobaini. Hatujasemezana tangu msiba wa mama, na kesho kutwa tunamjengea kaburi. Bila yeye sitathubutu kushika hata tofali.

Basi ujumbe wangu unatoka kwenye simu, umevaa shati lililopigwa pasi, unaanza safari kuelekea Dar es Salaam.

"We! Nakonde si ile pale?"

"Naiona, kaka. Njia yangu haipiti hapo."

"Pita njia ya panya, kama sisi sote."

"Mimi si wa magendo," unajibu kwa kuudhika.

Siuamini hata kidogo. Naufuata. Tunakata kona ya duka la dawa, tuko chini ya bahari, tunatembea juu ya waya mnene kama paja. Samaki wanatupisha. Tunatokea Ulaya, kwenye mji wa baridi, mbele ya dirisha la forodha. Mama mmoja aliyevaa sweta mbili anaugeuzageuza ujumbe wangu.

"Unatoka wapi?" ananiuliza.

"Tunduma."

"Unakwenda?"

"Nakonde."

"Kuna umbali gani?"

"Hatua arobaini."

Ananikazia macho. "Mtu wa hatua arobaini amefika mpaka kwangu. Unaficha nini?"

"Sina kitu, mama."

Anauweka ujumbe kwenye mizani. Mshale hautikisiki. "Umeandika kwamba ulimkosea, lakini humu ndani hamna kosa. Gunia tupu halivuki hapa."

Nasema harakaharaka: "Nilimwambia mbele ya watu wa msiba kwamba hakumuuguza mama. Mama mwenyewe ndiye aliyemkataza asije, hakutaka aonekane alivyokonda. Nilijua. Nikanyamaza."

Mshale unashuka. Anagonga muhuri.

Nikashtuka, nikaikamata simu. Ujumbe wangu ulikuwa palepale, maneno manne, hakuna hata nukta iliyoongezeka. Chini yake dada alikuwa amejibu:

"Kumbe ulijua! Kesho kutwa nitakuja kwa mama. Wewe usinisogelee."

Nikainua macho. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, simu mkononi, ananitazama.