Mvua ya Jumapili

"Vuta pembe, wewe! Mawazo yameshapanda basi, mikono imebaki hapa."

Gabaiphiwe alicheka, akavuta pembe yake ya shuka, na Segametsi akavuta ya kwake. Shuka lilikuwa moto kama mkate uliotoka tanuri, na mvuke ukapanda kati yao hata wakaonana kama watu wa ndotoni. Miaka kumi na minne Gabaiphiwe alikuwa akinyoosha mashuka ya hoteli hiyo mjini Gaborone. Majira ya joto yalipofika, maisha yake yaligawanyika: siku tano kwenye mvuke wa jiji, siku mbili kwenye vumbi la nyumbani. Dirisha la chumba cha pasi lilikuwa juu, na mbingu aliyoiona ilikuwa kubwa kama leso. Haikuwa na wingu hata moja.

"Mwambie mzee wako atuletee mvua," Segametsi alisema. "Tunakauka kama nyama ya kuanikwa."

Mzee Moatlhodi, baba yake Gabaiphiwe, tangu afiwe na mkewe, aliishi shambani peke yake, yeye na punda wake wanne. Jumamosi asubuhi Gabaiphiwe alishuka basi kwenye barabara kuu, akatembea saa nzima kwenye njia ya mchanga, mkate kichwani, njiwa wakilia pande zote bila kuonekana. Alimkuta baba yake ameketi kwenye kivuli cha nyumba. Hata hajafungua mdomo kumwamkia, mzee akageuza uso.

"Gaba. Unanukia pasi."

Gabaiphiwe akafurahi kama mtoto. Wakanywa maziwa ya mgando, wakala uji wa mtama, kisha akalala kwenye mkeka mchana kutwa, usingizi ule wa nyumbani ambao mtu hajui kama amelala au anasikiliza nzi.

Alipoamka aliona kamba. Ilitoka mlangoni, ikapita kwenye nguzo hadi zizini, ikakata kona hadi chooni.

"Baba, kamba ya nini?"

"Ya kuanikia nguo."

Gabaiphiwe akaisogelea. Ilimfika kiunoni. Nguo gani ingeanikwa hapo bila kugusa chini? Na katikati, kamba ilikuwa imelainika, inang'aa, kama kitu kinachoshikwa kila siku.

Jioni jirani yao, Mma-Oteng, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akapita kuomba chumvi.

"Bibi wa mjini! Umetuletea mvua, au mkate tu?"

"Mkate tu, mama."

"Haya, lete huo mkate. Na umwambie babako apunguze maringo. Siku hizi nampungia mkono njiani, ananipita kama mti!"

Mzee akacheka zaidi ya kila mtu.

Mvua ilikuja Jumapili alasiri. Kwanza harufu, halafu ukimya, halafu maji. Mma-Oteng alisikika kutoka kwake akipiga vigelegele, na mzee alisimama uani bila kofia, mdomo wazi, shati limemganda mbavuni. Gabaiphiwe alimwacha alowe. Ilinyesha mpaka giza.

Jumatatu alfajiri alitakiwa kuliwahi basi. Alitoka na mkoba wake, akamwona baba yake tayari yuko shambani, bakuli la mbegu kiunoni: mtama, kunde na matikitimaji pamoja, kama walivyopanda siku zote. Alikuwa akitembea akihesabu hatua kwa sauti ya chini, mkono ukirusha kwa mzunguko ule mzuri alioujua Gabaiphiwe tangu utotoni. Mzee akafika mwisho wa shamba. Hakugeuka. Akapita kwenye mwanya wa ua wa miiba, akaingia njiani, akaendelea kurusha. Mbegu zikawa zinaanguka kwenye tope la njia kama mvua ya mawe, na kuku wa Mma-Oteng wakaja mbio.

"Baba! Simama!"

Akasimama. Akasikiliza kuku. Uso wake ukasawijika.

"Nimetoka shambani?"

"Umetoka."

Gabaiphiwe akamshika kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe.

"Tangu lini?"

"Majira ya baridi."

"Na ukanyamaza! Nimekuja hapa mara ngapi?"

"Ungenipeleka kwako, ukanikalisha kwenye kiti, nisikilize magari ya watu." Akapapasa mbegu bakulini. "Hapa najua kila kitu kilipo, Gaba. Ila leo mvua imelainisha njia. Miguu imenidanganya."

"Ni mtoto wa jicho huyo, baba. Hospitali wanamtoa."

"Na wakikosea?"

Basi lilipiga honi mbali, barabarani. Gabaiphiwe akatoa simu, akampigia msimamizi wake.

"Jumatano? Hoteli imejaa!" msimamizi alifoka.

"Najua, mama. Nitarudi Jumatano. Baba yangu haoni."

"Jumatano," msimamizi akasema, "si Alhamisi."

Wakafunga punda kwenye plau, kuzifukia mbegu. Mzee alishika mikono ya plau, Gabaiphiwe akawaongoza punda kwa mbele, miguu yake ikizama kwenye udongo wa baridi.

"Kulia kidogo!" alimwita baba yake.

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kwa punda!"

Wakacheka hata punda wakasimama. Ardhi ilijifunua nyuma yao, nyeusi, ikitoa mvuke juani. Mchana, walipobakiza robo ya shamba, mzee akasema kana kwamba anaongea na plau, "Tukimaliza, nitakwenda nawe. Mma-Oteng awatazame punda. Lakini tumalize."

Wakaketi kwenye mfereji wa plau kupumzika. Mzee alilaza mkono wake juu ya udongo, kiganja juu.

"Kuna kitu kinanitembea."

Gabaiphiwe akainama. Alikuwa mdudu wa mvua ya kwanza, mdogo, laini kama mahameli.

"Ni yule mwekundu?"

"Ndiye."

"Mwekundu sana?"

Gabaiphiwe alitazama kwa muda mrefu, akitafuta neno. Mdudu alifika ukingoni mwa kidole gumba, akasita, akainua miguu ya mbele akipapasa hewa. Na mzee akabana pumzi, kiganja kimetulia, asije akamwangusha.