Mkwe Wangu kwa Upande wa Mbwa

Usiku wa jana niliota nimekuwa babu. Nilikuwa jikoni kwangu, hapa mtaani Kibaoni, nikafungua kopo la sukari nikoroge chai, akatoka mtoto wa mbwa. Akajipangusa sukari puani, akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba," nikajibu, maana mimi nimelelewa.

Wakatoka wengine. Wakatoka kwenye sufuria ya ugali, kwenye viatu vyangu vya kanisani, kwenye redio, kila mmoja na shikamoo yake. Na shikamoo ukishaanza kuitikia huwezi kumruka mtu. Mpaka nafika mlangoni taya zilikuwa zinaniuma, na nyuma yangu walikuwa wanaendelea kuzaana huku wakisubiri zamu.

"Nyie wajukuu zangu kwa nani?" nikauliza.

"Kwa Mdaku," wakasema kwa pamoja. "Na mama yetu ni Malkia, mbwa wa Mama Gaudensia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Gaudensia ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta tu. Siku zote anasema mbwa wangu ndiye anayejaza watoto mtaani, nami nasema mbwa wake ndiye hatulii. Kumkomesha, mbwa wangu nikampa jina la Mdaku, nikawa nalipaza kila jirani anapochungulia kwangu. Kumbe sasa tulikuwa wakwe! Na mkwe hata kumtazama usoni ni shida, sembuse kumwita mdaku.

Nikatoka nje. Uani kwangu pamegeuka uwanja wa shule, ila kamba ya nguo zangu bado ipo. Mbwa wamesimama wameshikana mikia, wameuzunguka mtaa mzima.

"Huu ndio ukuta wa chanjo," linasema deli la barafu la kubebea chanjo. Limevaa koti jeupe na linatetemeka kwa baridi yake lenyewe. "Katika kila mbwa kumi, saba wakichanjwa, kichaa cha mbwa hakipiti. Hapa kwako wamesimama sita."

"Nani hayupo?"

"Usijifanye hujui, Baba Benigna."

Mdaku yuko juu ya bati, amekunja nne, anatazama mawingu. Na kwenye pengo lake amesimama mgeni mwenye suti nzuri sana, anadondosha mate juu ya tai yake. Ni Kichaa cha Mbwa mwenyewe.

"Hodi," anasema.

Mimi najifanya sijasikia. Lakini Benigna, binti yangu ambaye hata shule hajaanza, nimemfundisha adabu kwa mkono wangu.

"Karibu!" akaitikia.

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndala. Mgeni akishakaribishwa ameshakaribishwa, hata deli lilikubali. Mguu mmoja wa Bwana Kichaa ukaingia kwangu, na Benigna akamsogezea kigoda.

Mama Gaudensia akatokea na bilauri ya maji. "Mgeni, kunywa kwanza."

Bwana Kichaa akaiona bilauri, akaruka kinyumenyume. "Asante sana, mama, nimetoka kunywa sasa hivi."

"Harakisha, mkwe," Mama Gaudensia akaniambia, amejiziba mdomo kwa kanga na kunipa mgongo, kama inavyotakiwa. "Mwite mbwa wako."

Nikapiga mluzi. Nikasema, "We! Njoo, we!" Mdaku akabadilisha mguu wa juu.

"Mbwa anashuka kwa jina lake," likasema deli. "Ndiyo utaratibu."

Jina hilo, mbele ya mkwe! Ningeona nafuu kuvua suruali sokoni. Lakini mgeni alikuwa amerudi, ameinama apeane mkono na Benigna, na mate yanaelekea kwenye kidole alichojikata juzi. Woga ukaizidi aibu. Nikapayuka:

"MDAKUUU!"

Mbwa wote wakageuka kumtazama Mama Gaudensia. Mdaku akashuka kwa ngazi, akaketi kwenye meza ya daktari wa mifugo, ya kuchanjia na kuhasia mbwa.

"Swali moja," akasema. "Mkinihasi, nitabwekea nini?"

"Koo," kikajibu kisu cha daktari. "Kwani wewe ulikuwa unabwekea wapi?"

Mdaku akanitazama. "Huyu ndiye aliyeniambia mbwa akihasiwa habweki tena."

"Nilisikia mahali," nikasema.

Akachomwa, akahasiwa, akaenda kusimama kwenye pengo na kushika mikia ya wenzake. Bwana Kichaa akawahi kuuchomoa mguu wake. Akaaga kwa heshima zote, akasema atapita siku nyingine. Hakuna aliyemwambia karibu tena. Benigna alikuwa amekwisha kuchoshwa na mgeni, anacheza na wajukuu. Nikambeba, nikacheka na kulia kwa mpigo, furaha ilinijaa mpaka nikaitikia shikamoo ambazo hazijatolewa.

"Mkwe," akasema Mama Gaudensia, "jina nimelisikia."

"Nisamehe, mkwe."

"Nimekusamehe. Ila mbwa akitoka kwenye kisu hupewa jina jipya, na anayelitoa ni mkwe. Kuanzia leo anaitwa Filbert."

"Filbert ni mimi."

"Najua," akasema. Mbwa wa mtaa mzima wakapiga makofi.

Nikaamka, jua limeshapanda. Nje gari la matangazo linapita: leo ndiyo siku ya mwisho ya kuchanja na kuhasi mbwa, uwanja wa shule. Benigna alikuwa amelala, kidole chake na kidonda chake. Nikachukua kamba.

Mbwa wangu alikuwa kivulini, mzima na vyote vyake. "Mdaku!" Hakutikisa hata sikio. "Mdaku!" Akapiga mwayo. Nikachungulia ukutani, hakuna mtu. Nikainama, nikanong'ona jina langu mwenyewe. Akaruka juu, mkia unazunguka, akaniletea shingo nimfunge.

Uwanjani nikaandikisha jina analoitikia, ningefanyaje? Mama Gaudensia alikuwa mbele yetu na Malkia. Daktari akamaliza na Malkia, akashika kipaza sauti.

"Anayefuata kuhasiwa," akatangaza, "Filbert!"

Tukainuka wote wawili.